Mwalimu wa darasa na mwanafunzi asiyeona: tunawafundisha walimu kitu gani hasa?

MwlKitengo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Uzi huu ni mrefu, naomba uvumilivu wenu. Mimi ni mwalimu wa kitengo cha wasioona katika shule ya msingi ya serikali, zile tunazoziita mchanganyiko: watoto wanaoona na wasioona wanasoma darasa moja. Elimu maalumu niliisomea chuo cha ualimu cha Patandi, pale Arusha. Kila mwaka naona walimu wenzangu wakiitwa kwenye semina za elimu jumuishi, wanarudi na vyeti, na Jumatatu mtoto asiyeona anakaa kwenye dawati lilelile akisikiliza chaki inagonga ubao. Walimu hawa si wavivu wala hawana roho mbaya. Tatizo ni kwamba tunawapa mafunzo ambayo hayalingani na kazi inayowasubiri.

Kuna mafunzo ya aina mbili, na sisi tunayachanganya. Aina ya kwanza ni namna ya kuendesha somo ili mtoto asiyeona au mwenye uoni hafifu aweze kulifuata. Haya yanamhusu kila mwalimu, kuanzia wa darasa la awali hadi wa kidato cha sita, na yanafundishika kwa muda mfupi. Aina ya pili ni ufasaha wa nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuka ambayo asiyeona huyasoma kwa vidole, pamoja na kumfundisha mtoto kutembea na fimbo nyeupe na kumpima anaona kiasi gani. Hiyo ni taaluma, inataka miezi ya mazoezi, na haimhusu kila mtu. Semina zetu zinafanya kinyume chake. Mwalimu wa Jiografia anafundishwa alfabeti ya nukta nundu, anaandika jina lake, anafurahi, kisha anarudi darasani anasema, "Tazameni hapa kwenye ramani, mto unatoka huku unaelekea kule."

Nianze na hiyo aina ya kwanza, maana ndiyo inayodharauliwa.

Msikilizeni mwalimu wa Hisabati akiwa ubaoni: "Chukua hii, hamishia huku, gawanya kwa hii, unapata hii." Sentensi nzima haina hata namba moja! Mtoto asiyeona hapo hana somo. Sasa mwalimu huyohuyo angesema: "Tatu mara x, jumlisha tano, ni sawa na ishirini. Tunatoa tano pande zote mbili, inabaki tatu mara x ni sawa na kumi na tano." Hajatumia fedha, hajatumia kifaa, hajapoteza hata dakika. Ila kulizoea jambo hilo si kazi ndogo, kwa sababu mikono yetu imezoea kuonyesha na midomo imezoea kusema "hii". Ndiyo maana mafunzo yake yafanyike darasani, mwalimu akifundisha kweli na mwenzake akiwa amefumba macho pale nyuma, akinyoosha mkono kila anapopotea. Nimewafanyia wenzangu zoezi hili shuleni kwetu. Linazaa matunda kuliko mhadhara wowote.

Ndani ya aina hiyohiyo kuna kumwita mtoto kwa jina kabla ya kumuuliza swali, kwa sababu hajui kama macho yako yako kwake. Kuna kumwambia ukiondoka mbele yake, asibaki akizungumza na hewa. Mkihamisha madawati, mjulishe. Ukimsindikiza, yeye ndiye ashike kiwiko chako na kukufuata hatua moja nyuma. Usimvute mkono wala kumsukuma kwa mgongo. Na kubwa kuliko yote, usimsamehe kazi. Huruma ya "wewe kaa tu, hili ni la kuchora" inajirudia mwaka baada ya mwaka, hadi mtoto anafika darasa la saba hajui pembetatu ikoje mkononi.

Sasa nukta nundu. Louis Braille, Mfaransa aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mdogo, alibuni mfumo huu mwaka 1824 akiwa na umri wa miaka 15. Ni nukta sita, safu mbili za nukta tatutatu, zinazotoa michanganyiko 63. Nukta ya 1 peke yake ni *a*. Ya 1 na 2 ni *b*. Ya 1 na 4 ni *c*. Hadi hapo kila mtu anaweza. Ugumu unakuja kwenye herufi zinazotazamana, kwa mfano *e* ni nukta ya 1 na 5, *i* ni ya 2 na 4. Ukiandika kwa kibao na msumari wake unatoboa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, ili ukiigeuza isomeke kushoto kwenda kulia. Mwalimu mgeni akichanganya *e* na *i*, "lea" linakuwa "lia". Namba nazo hazina alama zake. Ni herufi *a* hadi *j* zikitanguliwa na alama ya namba. Mtoto akiisahau hiyo alama, 2 yake ni *b*, na mwalimu asiyejua anamkosesha hesabu ambayo ameipata.

Halafu kuna jambo ambalo semina hazilisemi. Mwalimu anayeona husoma nukta nundu kwa macho. Ni nukta nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Ukikaa mwanga ukitokea juu yako huoni kitu. Kaa pembeni ya dirisha, mwanga uje kwa ubavu, kila nukta itatupa kivuli chake. Kwa karatasi iliyochapwa pande zote mbili macho yanauma kabisa. Kasi hiyo haiji kwa siku tano. Na mtoto akienda sekondari, lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza, ambacho katika nukta nundu kina ufupisho mwingi: *b* ikisimama peke yake ni "but", *c* ni "can". Kwa hiyo kidato cha kwanza anakutana na mfumo wa pili juu ya lugha ya pili.

Kwa hiyo shule yenye watoto wasioona inahitaji walau walimu wawili wenye ufasaha wa kweli. Wawili, kwa sababu mmoja akiugua au akihamishwa kazi yote inasimama: hakuna wa kunakili majibu ya mtoto kwa maandishi ya kawaida ili mwalimu wa somo asahihishe, wala wa kumwandalia jaribio. Matokeo yake mtoto anasomewa maswali na rafiki yake pembeni ya darasa, au anasubiri. Halafu Baraza la Mitihani linamletea karatasi safi ya nukta nundu kwenye mtihani wa taifa, na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na 10 kwa masomo mengine. Karatasi ni nzuri na muda ni wa haki. Lakini mtoto aliyefanya majaribio ya miaka saba kwa kusomewa, atapata wapi kasi ya vidole siku hiyo?

Na hapa niseme wazi. Tuna walimu waliosomeshwa elimu maalumu kwa gharama ya serikali ambao wanafundisha shule zisizo na mtoto hata mmoja asiyeona. Nukta nundu ni kama lugha: usipoitumia inakutoka. Mwalimu aliyekaa hivyo miaka kadhaa anarudi kuwa mwanafunzi. Kuhakikisha mafunzo yanaendana na kituo cha kazi kungetusaidia kuliko semina mpya kumi.

Hazina tunayo. Shule ya wasioona ya Buigiri kule Dodoma ilianza mwaka 1950 chini ya Kanisa la Anglikana. Irente ya Lushoto, Furaha ya Tabora na Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam zimelea vizazi vya wasomi wasioona. Mwalimu wa somo akikaa wiki tatu kwenye shule ya namna hiyo, akifundisha chini ya jicho la mwalimu mkongwe, atarudi na kitu mikononi. Napendekeza pia wakufunzi wawe walimu wasioona wenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unalisema hilo katika ibara ya 24: kuajiri walimu wenye ujuzi wa nukta nundu, wakiwemo walimu wenye ulemavu.

Naomba kuwasilisha. Walimu, wazazi, na ninyi mliosoma bila kuona, karibuni.

---

Nyamwaga_J

Mkuu, nimesoma mpaka mwisho. Nakubaliana na mengi, ila mimi nina darasa la watoto zaidi ya 100. Huyo asiyeona nitampa muda gani? Kwa nini wote wasipelekwe shule maalumu kwenye wataalamu na vifaa? Nauliza kwa nia njema kabisa.

---

MwlKitengo

Nyamwaga_J, swali lako ni la haki. Shule maalumu sizipingi. Nimezitaja kwa heshima, na mtoto mdogo anayeanza nukta nundu anafaidika sana akiwa na wenzake wanaojifunza hichohicho.

Lakini zingatia mambo mawili. Kwanza, shule hizo ni chache na ziko mbali. Mtoto wa miaka saba kutoka Kakonko akipelekwa bweni la Dodoma, mama yake anaweza kumwona mara moja kwa mwaka. Pili, wengi wa watoto wenye ulemavu wa kuona hawako gizani kabisa. Wana uoni hafifu, na tayari wako kwenye hilo darasa lako la 100 bila wewe kujua. Ni yule anayeitwa mvivu kwa kuwa hanakili ubao, au yule anayeegemeza pua kwenye daftari.

Na darasa la 100 ndilo linalohitaji zaidi mwalimu anayesema anachoandika. Waliokaa nyuma wanauona ubao wako vizuri?

---

Mama_Kulwa

Asante kwa uzi, mwalimu. Mimi nafundisha darasa la pili, kijijini. Nina mtoto mwenye ualbino, ana akili sana kwa mdomo lakini kuandika yuko nyuma. Nimeambiwa na mwenzangu nimwanzishe nukta nundu kabla macho hayajaharibika zaidi. Pia nimekuwa nikimkataza kusogeza kitabu karibu na macho. Naomba mwongozo.

---

MwlKitengo

Mama_Kulwa, nashukuru umeuliza kabla ya kumwanzisha. Soma taratibu, maana hapa ndipo watoto wengi wanapopotezewa miaka.

Watoto wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na wengi wanaweza kusoma maandishi ya kawaida wakiwekewa mazingira. Nimewaona waliofundishwa nukta nundu wakawa wanazisoma kwa macho, wameinamia karatasi nyeupe wakitafuta vivuli vya nukta. Huo ni mzigo juu ya mzigo. Kwa kawaida uoni hafifu wa ualbino wenyewe hauelekei upofu mwaka hadi mwaka. Mpeleke kwanza hospitali yenye kliniki ya macho apimwe, apate miwani ikihitajika na lenzi ya kukuzia, ndipo maamuzi ya nukta nundu yafuate.

Kusogeza kitabu karibu hakuharibu macho. Mwache. Ukisogeza kitabu kutoka sentimita 30 hadi 15, maandishi yanaonekana makubwa mara mbili. Mtoto amejigundulia tiba yake mwenyewe. Ukimwona anainamisha kichwa upande mmoja, usimnyooshe. Macho yake huchezacheza, na kuna pembe ambayo yanatulia. Ameipata kwa kichwa hicho.

Mwangaza ndio adui yake mkubwa. Mkalishe mbele, dirisha likiwa nyuma yake au kwa ubavu, asikae akilitazama. Kofia yenye ukingo avae hata darasani; ukikuta sheria ya shule inakataza, zungumza na mwalimu mkuu. Mruhusu kusimama na kwenda mpaka ubaoni bila kuomba kila mara. Ubao uwe mweusi kweli, siyo uliofifia ukawa kijivu, na chaki iwe nyeupe au ya njano. Kwenye daftari, mkozee mistari kwa kalamu nyeusi nzito, umwandikie kazi kwa herufi kubwa. Umpunguzie wingi wa maswali kwa siku, siyo ugumu wake: kama wenzake wanafanya kumi ya kujumlisha, yeye matano yaleyale magumu yanatosha kukuonyesha anajua.

Na mchezo wa nje upangiwe kivuli, kwa ajili ya ngozi yake.

---

Sauti_ya_Nyanda

Nimefuatilia uzi huu kwa programu inayonisomea skrini kwa sauti. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Historia na Kiswahili. Sioni tangu utotoni, surua ilinikuta kabla ya kuanza shule.

MwlKitengo amegusa kitu kinachoniuma: kusamehewa. Shuleni kwetu ilichukuliwa kuwa ni jambo la kawaida kabisa asiyeona kuishia masomo ya sanaa. Hakuna aliyenizuia kwa ukali. Walinipenda, wakanipumzisha vipindi vya Hisabati, na kwa kunipumzisha milango ya Fizikia na uhasibu ikafungwa nikiwa mtoto. Napenda kazi yangu ya sasa. Ila nilipaswa kuichagua.

Naongeza mambo kwa wanaoandaa mafunzo. Muacheni mwalimu apitie somo lake lote akiwa na mwanafunzi halisi asiyeona, na mwanafunzi huyo aulizwe mwishoni: "Ni wapi ulipotea?" Nimehudhuria mafunzo ya namna ya kutufundisha sisi ambamo hakuna aliyenigeukia kuniuliza chochote. Walimu walifungwa vitambaa machoni wakatembezwa uwanjani, wakatoka wanalia kwa kutuonea huruma. Mwenzako akifumba macho ili akamate "hii" na "huku" za ubaoni, sina neno, hiyo ni kazi. Kutembezwa gizani kwa nusu saa kunafundisha hofu tu. Mimi siishi kwa hofu hiyo. Nilifundishwa kutembea, nikajifunza.

Jambo jingine ni teknolojia. Kuna wanaosema sasa simu na kompyuta zinasoma, nukta nundu za nini tena. Programu kama NVDA haina malipo na inasoma Kiswahili, naitumia kila siku, namshukuru Mungu. Lakini sauti haikuonyeshi tahajia. Mtoto anayesikia tu hajui neno limeandikwaje, aya inaanzia wapi, nukta pacha zimekaa wapi. Nawasahihishia vijana insha na naliona hilo. Aliyelelewa na nukta nundu anaandika. Aliyelelewa na sauti peke yake anabahatisha. Vyote viwili vifundishwe.

---

MkaaLikoni

Salamu kutoka Mombasa. Huku Kenya shule ya wasioona ya Thika ilifunguliwa 1946 na Jeshi la Wokovu, na hapa Likoni tunayo shule ya wasioona pia. Walimu wetu wengi wa elimu maalumu hupitia KISE, taasisi iliyoanzishwa 1986, na tangu 1984 kuna vituo vya upimaji ambako mzazi humpeleka mtoto akaangaliwa kabla ya kupangiwa shule.

Nimewahi kufanya kazi na mwalimu wa kuzungukia shule, yule anayekwenda shule hii leo na ile kesho kuwasaidia walimu wa madarasa ya kawaida. Mpango ni mzuri sana kwa sababu mafunzo humfikia mwalimu mahali alipo, tena juu ya mtoto wake mwenyewe. Lakini nauli hutoka mfukoni mwake, na shule aliyoajiriwa humtaka awe na vipindi kamili kama wengine. Akikosa pikipiki na ratiba ya kuruhusiwa kutoka, basi jina limebaki. Tanzania mkiupanua huo, hesabuni nauli na vipindi kabla ya kuhesabu vyeti.

---

MwlKitengo

MkaaLikoni, ahsante ndugu yetu. Walimu wa kuzungukia tumewahi kuwa nao huku pia, na shida ya nauli ni hiyohiyo. Sauti_ya_Nyanda, zoezi la vitambaa uwanjani nalitoa kwenye orodha yangu, na swali lako la "ni wapi ulipotea?" naliingiza.

Niongeze kuhusu mashine, maana limesahaulika. Mashine ya Perkins imetumika tangu 1951, ina vitufe sita vya nukta na cha nafasi katikati, ni chuma kitupu, karibu kilo 5. Inadumu miongo. Ila pini ikilegea au kitufe kikikwama, shule nyingi zinaifungia stoo kwa kuwa hakuna anayejua kuifungua. Mafunzo ya walimu wa vitengo yawe na siku za ufundi: kusafisha, kupaka mafuta, kurekebisha kitufe. Mashine moja iliyopona ni mtoto mmoja aliyerudi kuandika.

---

Nyamwaga_J

Nimerudi. Leo nimejaribu kusema kila ninachoandika. Kwenye kujumlisha na kutoa nimeweza, wanafunzi wa nyuma wenyewe wamesema wameelewa zaidi. Nimekwama kwenye maumbo. Ninae mmoja asiyeona, amehamia muhula huu. Namfundishaje pembe kwa mdomo?

---

MwlKitengo

Safi sana mkuu. Maumbo usiyafundishe kwa mdomo, yafundishe kwa vidole.

Tafuta mpira wa tyubu ya gari iliyochakaa, ukate kipande cha ukubwa wa daftari, kigundishe juu ya ubao mwembamba. Weka karatasi ngumu ya manila juu yake, uchore kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, ukikandamiza. Upande wa pili wa karatasi mstari utakuwa umevimba. Kumbuka umbo linageuka kama kwenye kioo, kwa hiyo herufi za kona zipange kinyume. Kama haraka inakubana, bandika uzi wa katani kwa gundi juu ya manila, ukikauka anausoma.

Usijaze mambo mengi kwenye karatasi moja. Macho huona umbo zima kwa mara moja. Vidole hulikusanya kipande kwa kipande. Karatasi ya kwanza iwe na pembe moja tu. Muulize kabla ya kumshika mkono, kisha mwambie aanzie kwenye kona, afuate mstari mmoja mpaka mwisho, arudi, afuate wa pili. Akishaielewa pembe mraba, mpe kona ya kitabu chake na kona ya dawati azilinganishe nayo. Halafu mpe kali, halafu butu, kila moja kwenye karatasi yake.

Kwa nukta nundu zenyewe, chukua trei la mayai, ukate vishimo sita, safu mbili za tatutatu, na visoda vya soda kadiri ya nukta. Mtoto anayeona aliyekaa jirani yake atajifunza herufi ndani ya wiki, na mtakuwa na wasaidizi wawili darasani.

Tyubu gereji yoyote watakupa bure. Ukifika kwenye duara niandikie hapahapa, maana kutafuta kitovu kwa vidole kuna utaratibu wake.